SUMU ISIITWE DAWA



Mtoto akiugua, mama humwambia, "Mwanangu, kunywa dawa upate kupona." Mtoto hukunja uso, lakini hunywa, kwa maana anamwamini mama yake. Kesho yake mtoto yule yule amsikia baba akisema, "Nileteeni dawa ya mahindi." Tena asikia: dawa ya panya, dawa ya magugu, dawa ya kuogeshea ng'ombe. Neno ni lile lile. Je, mtoto wa miaka mitatu atajuaje kwamba dawa hii huponya na ile huua?

Jambo hili latuhusu sana sisi wa Ufipa, nchi ya mahindi na maharage. Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi, wadudu wenye asili ya Amerika, walionekana katika mashamba ya Nkasi, na tangu hapo nyumba nyingi zimezoea bomba la kunyunyizia. Mvua zianzapo, sumu ya viwavi huingia nyumbani. Baada ya mavuno huja vidonge vya kuhifadhia nafaka, navyo pengine hutiwa katika magunia yaliyomo chumbani mwa watoto. Vidonge hivyo vikipata unyevu hutoa gesi iitwayo fosfini, ambayo huua mtu kama iuavyo dumuzi.

Hatumlaumu mkulima alindaye shamba lake. Watoto wake watakula nini asipolilinda? Twasema habari ya chombo. Wengi hununua sumu kidogo kidogo, wakapimiwa katika chupa ya soda au ya maji, isiyo na maandishi yoyote, kisha huiweka chini ya kitanda. Mafuta ya taa nayo hukaa vivyo hivyo. Amri ya nane yakataza uongo, nasi hudhani uongo ni wa ulimi tu. Lakini chupa ya soda yenye sumu yamwambia mtoto uongo, na kwa uongo huo twaweza kuvunja amri ya tano.

Kumbukeni yaliyotokea India, katika jimbo la Bihar, mwezi wa Julai 2013. Watoto 23 wa shule ya kijiji walikufa baada ya kula chakula cha mchana. Uchunguzi ulionyesha kwamba mafuta yaliyotumika kupikia yalikuwa na monokrotofosi, yaani sumu ya wadudu. Watoto wale hawakufanya utundu wowote. Walikula walichopewa na wakubwa wao.

Msiba wa namna hii ukitufikia, twasema, "Ni mapenzi ya Mungu." Ndugu zangu, tusimsingizie Mungu. Katika kitabu cha Kutoka, mtu aliyechimba shimo akaliacha wazi, na punda wa mwenzake akatumbukia, alipaswa kulipa. Hakuulizwa kama alikusudia. Kosa lake ni kutolifunika. Ikiwa ni hivyo kwa punda, je, si zaidi kwa mtoto? Wala hatusemi haya ili kumhukumu mzazi aliyekwisha kuzika mwanawe. Huyo tumfariji na kumwombea. Twasema kwa ajili ya walio hai.

Basi Jumapili hii, mkitoka kanisani, zungukeni nyumba zenu. Sumu iiteni sumu, mtoto akisikia. Iacheni katika chombo chake chenye maandishi, mkaifungie kwa kufuli, mbali na chakula na mbali na vitanda. Chombo kilichokwisha msitekee maji wala kutilia mafuta. Kitoboeni kisitumike tena. Nguo za kupulizia zifuliwe peke yake. Watoto wasikaribie shamba linalopuliziwa.

Na mtoto akinywa sumu, msimtapishe. Mafuta ya taa yakirudi juu huweza kuingia mapafuni, na vitu vikali kama maji ya betri huunguza koo mara ya pili. Msipoteze wakati kwa kumnywesha maziwa. Mvueni nguo zilizoloa, mwosheni kwa maji mengi, mkamkimbize hospitali pamoja na chupa yenyewe, ili mganga ajue ni sumu gani.

Wazee wetu wamkumbuka Adrian Atiman, katekista na mganga, aliyefika Karema mwaka 1889 akawahudumia wagonjwa hata kufa kwake mwaka 1956. Twamshukuru Mungu kwa waganga wa namna hiyo. Lakini zipo sumu, kama parakwati ya kuulia magugu, ambazo hata leo haijapatikana dawa ya kuzitangua. Hapo kufuli ya baba yafaa kuliko mikono ya mganga.

Bwana wetu aliuliza ni baba gani awezaye kumpa nyoka mwanawe aombaye samaki. Hayupo. Basi asiwepo kwetu baba wala mama amwekeaye mwanawe sumu katika chupa ya kinywaji.

Mungu awalinde watoto wenu.