Mmea Ukinyauka Ungali Kijani

Jirani yetu hapa Morogoro ni mwalimu mstaafu, na mtaa mzima tunamwita Mwalimu. Mwaka jana, mvua za vuli zilipoanza, alipanda miche 40 ya biringanya katika bustani iliyo nyuma ya nyumba yake. Aliacha sentimita 60 kati ya mche na mche, akatia samadi iliyooza vizuri, akatandaza nyasi kavu juu ya matuta. Kufikia wiki ya saba mibiringanya ilikuwa imejaa maua ya zambarau. Kufikia wiki ya kumi na moja ilikuwa imebaki mitatu. Nasimulia kisa hiki kwa ruhusa yake. "Waeleze wenzetu," aliniambia, "wasije wakapata hasara kama yangu."

Ishara ya kwanza ya hasara hiyo ilikuwapo hata kabla ya kupanda. Msimu uliotangulia, matuta yale yale yalikuwa na nyanya, na baadhi zilinyauka ghafla. Tulisema ni jua kali, mambo yakaishia hapo. Kumbe nyanya na biringanya ni ndugu wa ukoo mmoja, pamoja na viazi mviringo, pilipili, nyanya chungu na mnavu. Ardhi iliyomuua ndugu mmoja, usimpeleke mwingine bila kuuliza kilichomuua yule wa kwanza.

Ishara ya pili ilikuja maua yakiwa yamechanua. Mmea mmoja kwenye tuta la juu ulilegea majani saa saba mchana, na jioni ukasimama tena kana kwamba hakuna lililotokea. Ulifanya hivyo siku tatu mfululizo. Mimi ndiye niliyemwambia, "Mwalimu, huo una kiu, uongezee maji." Aliuongezea. Majani yalikuwa bado kijani, hayakuwa na manjano wala madoa, na wenzake wa jirani walikuwa wima. Tena udongo chini ya nyasi ulikuwa na unyevu wa kutosha. Kama mmoja wetu angetia mkono ardhini, angejua kwamba si kiu.

Ishara ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi. Mmea wa pili kunyauka ulikuwa jirani wa ule wa kwanza, upande wa chini. Kisha wa tatu, wa nne, kila mara kuelekea kule maji yanakotiririkia. Ugonjwa ulikuwa ukifuata mfereji, nasi tulikuwa tukiupa njia kwa kila ndoo tuliyomwaga. Mwalimu akanunua dawa ya ukungu, akapulizia mara mbili. Haikusaidia kitu, kwa sababu adui hakuwa ukungu.

Hatimaye afisa ugani aliitwa. Alikata kipande cha shina karibu na ardhi, ndani kukaonekana rangi ya kahawia. Akakining'iniza kipande hicho kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa. Baada ya dakika chache, nyuzi nyeupe kama maziwa zilianza kushuka kutoka kwenye shina. "Huu ni mnyauko bakteria," akasema.

Ugonjwa huu haukuanza jana. Mwaka 1896, mtaalamu wa Marekani, Erwin F. Smith, aliueleza katika nyanya, biringanya na viazi. Bakteria wake, ambao leo wanaitwa Ralstonia solanacearum, huishi udongoni, hupenda joto na unyevu, na huingia mmeani kupitia vidonda vya mizizi. Wakishaingia huziba mirija inayopandisha maji. Ndiyo maana mmea hufa kwa kiu hali mizizi yake imelowa. Hakuna dawa ya kuponya mmea ulioshikwa.

Nami sikusalimika. Siku zile mibiringanya ilipokuwa ikinyauka, niliazima jembe la Mwalimu, nikalitumia likiwa na udongo wake. Mwezi uliofuata pilipili zangu mbili zilinyauka zikiwa kijani.

Ndugu msomaji, si kila kunyauka ni ugonjwa huu. Bustani nzima ikilegea na udongo ni mkavu, hiyo ni kiu. Kikinyauka kichomozo cha juu peke yake, kipasue, huenda ukamkuta kiwavi ndani. Uking'oa mmea ukakuta mizizi ina vinundu, hao ni minyoo fundo, na vidonda wanavyoacha huwafungulia bakteria mlango. Lakini mmea mmoja ukilegea peke yake, ungali kijani, kwenye udongo wenye unyevu, usikimbilie ndoo. Kata shina, lijaribu kwenye glasi ya maji.

Ukiona zile nyuzi nyeupe, ng'oa mmea siku hiyo hiyo pamoja na udongo wa mizizi yake, uchome moto, wala usiutupe kwenye shimo la mboji. Zuia maji yasipite hapo kuelekea matuta mengine. Osha jembe, kisu na viatu kwa sabuni kabla ya kugusa sehemu nyingine. Kisha sehemu hiyo ipumzishe kwa angalau miaka mitatu, upande mahindi, vitunguu au kabichi, na ung'oe mnavu unaojiotea, kwa maana nao huweza kuhifadhi ugonjwa. Na unaponunua miche, uliza ilikuzwa kwenye udongo gani.

Leo matuta ya Mwalimu yana mahindi. Biringanya zake chache zimo kwenye viroba, katika udongo uliotoka mahali pasipowahi kupandwa mmea wa ukoo huo, na zinazaa. Sisi tulipewa ishara tatu tukazipita zote. Wewe ukiiona hata moja, simama, tia mkono ardhini, kisha ndipo uamue kama mmea wako unahitaji maji.