Jina la Kuitwa, Namba ya Kuhifadhi

Uchaguzi unapokaribia, orodha ya wapiga kura hubandikwa ukutani, Mikindani hata Msimbati, karibu na mlango wa Mto Ruvuma, ili kila mtu ajisomee. Hili ni jema, kwani uwazi hujenga imani ya raia. Lakini yafaa tujiulize: je, uwazi wa serikali wadai pia kuanikwa kwa namba ya utambulisho ya mwananchi katika orodha zake?

Jina ni la kuitwa. Namba ni ufunguo. Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo hutaja tarehe ya kuzaliwa. Kwa namba hiyo na alama za vidole husajiliwa laini ya simu, ambayo kwa wengi ndiyo mkoba wa fedha.

Wapo watakaosema majina hufanana. Ni kweli, lakini jina la babu na kitongoji, au tarakimu chache za mwisho, zatosha kumtofautisha mtu na mwenziwe.

Wamakonde huwapokea kwa ngoma, mbele ya watu wote, vijana watokao jandoni. Mafunzo ya jandoni hayatangazwi. Siri hiyo si hila, bali ni heshima.

Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 16, yalinda faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeitilia nguvu. Hata hivyo, sheria haishiki kalamu. Kalamu iko mkononi mwa karani, naye akumbuke kuwa aliyekabidhiwa kuwahesabu watu amekabidhiwa pia kuwasitiri.