NASABA YA NENO NA NASABA YA MTU

Mwislamu asaliye sala tano hulitaja neno "sirati" mara 34 kila siku. Rakaa za faradhi ni 17, katika kila rakaa husomwa Alhamdu, na ndani ya Alhamdu neno hilo limo mara mbili. Juu ya hayo, ni wachache wetu waliopata kujiuliza neno hili limetoka wapi, na wako ambao wakielezwa hukasirika. Twataka leo kulitazama jambo hili kwa utulivu, kwani ndani yake mna suala lililo kubwa kuliko la lugha: je, asili ya kitu ndiyo hukumu yake?

Warumi wa kale, katika lugha yao ya Kilatini, walikuwa na neno lenye maana ya kutandika au kutandaza. Njia iliyotandikwa mawe waliiita "via strata", yaani njia iliyotandikwa. Kisha wakafupisha wakasema "strata". Katika neno hilo Waitaliani walipata "strada", Wajerumani "Strasse", na Waingereza "street". Upande wa mashariki neno lilipita kwa Wayunani na kwa wasemao Kiaramu katika nchi ya Sham, likawafikia Waarabu, likawa "sirat". Wala haya si uzushi wa Wazungu. Imam Suyuti, aliyefariki mwaka 911 wa Hijria (1505), alipoyakusanya maneno ya Qur'ani yaliyosemwa kuwa na asili ya ugenini, alilitaja hili, akapokea kutoka kwa an-Naqqash na Ibn al-Jawzi kwamba maana yake ni njia kwa lugha ya Rumi.

Namna lilivyofika si fumbo. Mwaka 106 wa Miladi Warumi waliitwaa nchi iliyo kaskazini ya Hijazi, na baina ya 111 na 114 wakajenga barabara ya mawe kutoka Busra hadi Aila, mji uitwao leo Akaba. Busra ni ile tuisomayo katika Sira, ambako misafara ya Makureshi ilikwenda kwa biashara. Mtu akutanapo na kitu ambacho kwao hakipo, hukitwaa pamoja na jina lake. Ndivyo na sisi tulivyotwaa "meza" kwa Wareno, nao asili yao ni "mensa" ya Kilatini. Na "sabuni" kwa Waarabu, nayo kwa Warumi ilikuwa "sapo", na hao Warumi wenyewe waliipata kwa makabila ya kaskazini yao. Hata "dinari", iliyotajwa katika Sura ya Aali Imrani, ni "denarius" ya Kirumi.

Mambo haya yaonekana wazi zaidi Kisumu kuliko mahali pengi. Reli ilipofika ziwani tarehe 20 Desemba 1901, mahali pale paliitwa Port Florence, na maneno yote mawili ni ya Kilatini: la kwanza ni bandari, la pili latokana na kuchanua. Ziwa nalo lilikuwa limekwisha kupewa jina la malkia wa Kiingereza, Victoria, ambalo kwa Kilatini ni ushindi. Wajaluo waliendelea kuliita Nam Lolwe, na jina la Kisumu likaishi baada ya Port Florence kusahauliwa. Na Mjaluo asemapo "mesa" na "sabun", amepokea kwetu maneno ambayo sisi tuliyapokea kwa wengine. Leo mtu atokaye kusali akapita Oginga Odinga Street, asoma katika kibao ndugu wa neno alilolisoma mbele ya Mola wake.

Sasa atauliza muulizaji: Qur'ani si imeteremshwa kwa Kiarabu kilicho wazi? Swali hili wanavyuoni wetu walilikabili zamani. Imam Shafi, aliyefariki mwaka 204 wa Hijria (820), alikanusha kabisa kwamba Qur'ani ina neno lisilo la Kiarabu. Wengine katika wanavyuoni wa mwanzo waliyataja maneno hayo na lugha zake. Ndipo Abu Ubaid al-Qasim bin Sallam, aliyefariki mwaka 224 (838), akazipatanisha kauli mbili. Alisema kwamba maneno hayo shina lake ni la ugenini, lakini yaliwaangukia Waarabu, wakayageuza kwa ndimi zao, yakawa Kiarabu. Kisha Qur'ani ikateremka yakiwa yamekwisha kuwa maneno yao. Basi asemaye ni ya ugenini asema kweli, na asemaye ni Kiarabu asema kweli. Twaiona hukumu hii kuwa ni ya haki, kwa sababu imeitambua asili bila ya kuifanya pingu.

Wala si neno hili peke yake lililopata kushitakiwa kwa asili yake. Ameandika Procopius, mwandishi wa tarehe wa Rumi, kwamba karibu na mwaka 540 wafalme wawili wa Kiarabu, Harith wa Ghassan aliyekuwa upande wa Rumi, na Mundhir wa Hira aliyekuwa upande wa Waajemi, waligombania ardhi ya malisho kusini ya Tadmur. Ardhi hiyo ikiitwa Strata. Harith alidai ni ya Warumi, na hoja yake moja ilikuwa hilo jina: neno ni la Kilatini, basi nchi ni yao. Mundhir hakujishughulisha na jina; alisema kwamba wenye mifugo wamekuwa tangu zamani wakimlipa yeye kwa malisho. Hatuna haja ya kuhukumu baina yao. Twataka msomaji atazame namna ya hoja tu: mmoja alishika asili ya jina, wa pili alishika mambo yaendavyo juu ya ardhi.

Na sisi je, twahukumu kwa hoja ipi? Neno la askari wa Kirumi limeingia katika Ummul Kitabu, na hapana aliulizaye kabila lake. Lakini mtu wa Kisumu, baba yake Mwislamu na babu yake Mwislamu, akija Mombasa au Lamu bado huitwa "mtu aliyesilimu". Uislamu ulifika pande zile kwa misafara ya pwani katika karne ya 19, na Nabongo Mumia wa Wanga alisilimu katika zama hizo. Ni vizazi vingapi vyahitajiwa hata jina la kusilimu limwondoke mtu? Akisoma vizuri, husifiwa kisha hatangulizwi mbele. Akiposa, huambiwa kwa upole kwamba binti ana wenyewe.

Huenda tukajibiwa kwamba sharia yenyewe imetaja kufu. Ni kweli, na madhehebu ya Shafi yaihesabu nasaba katika kufu. Lakini kufu ni haki ya mwanamke na walii wake, wanayoweza kuiacha wakiridhia. Si ukuta uliojengwa kuwazuia wasiridhie. Imam Malik aliitazama katika dini. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alimshauri Fatima binti Qais, Mkureshi, aolewe na Usama, mwana wa Zaid aliyekuwa mtumwa akaachwa huru. Akaolewa naye, akaona heri.

Tena tumkumbuke Suhaib. Alilelewa katika nchi ya Rumi, akaitwa Mrumi maisha yake yote. Bwana Umar alipochomwa kisu mwaka 23 wa Hijria (644), huku wakubwa wa Kikureshi wakishauriana nani awe Khalifa, aliyeamrishwa kuwasalisha watu siku zile alikuwa Suhaib. Makureshi walisimama nyuma ya Mrumi, wakamsikia akisoma neno la Kirumi lililokuwa Kiarabu, wakaitikia amini.

Hatusemi kwamba asili haina faida. Kuijua kwatuzidishia fahamu. Njia ya mguu hufanywa na miguu ya wachache, nayo hufutika kwa mvua moja. Barabara ya kutandikwa hutandikwa kwa kazi, jiwe juu ya jiwe, nayo ni ya kila apitaye, mwenyeji na mgeni. Hatuleti maneno haya kuwa ni tafsiri ya Aya. Twasema tu kwamba aombaye mara 34 kwa siku kuongozwa katika njia kama hiyo, tena aombaye kwa tamko la wengi, "tuongoze", asije baada ya salamu akasimama katikati ya njia kuwauliza wenziwe wametoka wapi.

Basi ndugu zetu, Ijumaa ijayo mgeni wa kutoka ziwani akisimama kando yenu safuni, mkaribisheni kama mlivyolikaribisha neno.