Amani ya Asiye na Mtetezi

Lalago ni njia panda. Barabara ya kutoka Kolandoto hupita hapo ikielekea Mwanhuzi, na nyingine huchepuka kwenda Maswa mjini, makao ya wilaya, ikaendelea hadi Bariadi, makao ya mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012. Ni nchi ya pamba, mtama na ng'ombe. Anayepita na basi haoni ufa wowote, kwa sababu kijiji cha Usukuma hakigawanyiki kwa ukuta. Hugawanyika kwa kutenga. Aliyetengwa hasalimiwi, hapewi kaa la moto la kuwashia jiko, na akifiwa hachimbiwi kaburi.

Kiongozi wa amani katika kijiji cha namna hiyo anatoka wapi? Siku hizi jibu jepesi ni semina: siku tatu wilayani, posho, cheti. Mafunzo yana faida yake, lakini imani ya jirani haipatikani kwa siku tatu. Na Usukuma hauhitaji kuazima historia ya viongozi waliotoka chini, kwa kuwa unayo yake, tena nzito.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, silaha zilizagaa na wizi wa ng'ombe ukawashinda polisi. Vijiji vya Usukuma na Unyamwezi vikaunda sungusungu, ulinzi wa jadi. Hakuna aliyetumwa kutoka Dar es Salaam. Watu walichagua ntemi wao, yaani mkuu wao, katibu wao na kamanda wa vijana. Mwano, yaani kilio cha hatari, ukipigwa usiku, wanaume walitoka na pinde na filimbi, wakafuata nyayo za mifugo kijiji kwa kijiji. Wizi ulipungua. Mwalimu Nyerere aliwaunga mkono ingawa baadhi ya watu wa sheria walikuwa na mashaka, na mwaka 1989 sheria ikawatambua.

Laiti habari ingeishia hapo. Mikono iliyorudisha ng'ombe ndiyo iliyonyooshea vidole vikongwe. Baadhi ya vikundi vilishika kazi ya kuwataja wachawi, na waliotajwa wengi walikuwa wanawake wazee, hasa wajane. Hesabu za Tanzania Bara kati ya 1970 na 1984 zinaonyesha watu zaidi ya 3,600 waliouawa kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ikiwa Mwanza na Shinyanga, mkoa ambao Maswa na Bariadi zilikuwa ndani yake wakati huo.

Ushahidi uliotumika ulikuwa macho mekundu. Ingia katika jiko la bibi wa Kisukuma uone yanatoka wapi. Mafiga matatu, paa limeinama, dirisha hakuna. Kuni zimeadimika kwa sababu miti ilifyekwa kufukuza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, kwa hiyo anachochea kinyesi kikavu cha ng'ombe na vijiti vya pamba. Moshi wake ni mchungu. Amepika humo miaka arobaini, akilisha watoto, kisha wajukuu, na macho yakageuka rangi. Na mara nyingi nyuma ya tuhuma palikuwa na shamba la marehemu mumewe, ambalo mtu alilitamani.

Hapo ndipo ninapopimia uongozi wa amani. Kuwaunganisha wengi dhidi ya mwizi si jambo dogo, lakini lina wepesi wake: adui yuko nje. Kazi ngumu ni kusimama katikati ya watu wako mwenyewe, siku wamekubaliana wote, ukasema huyu mama hatuna haki ya kumgusa. Amani inayonunuliwa kwa kumtoa mmoja asiye na mtetezi mimi siiiti amani.

Ipo pia sura nyingine ya historia hiyo, na inatia moyo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza mwaka 1986. Ulifanikiwa pale ulipokubali kufuata utaratibu wa wenyeji wa kutenga ngitili, yaani malisho yanayofungwa masika ili yafunguliwe kiangazi, na kuacha sheria zijadiliwe kwenye dagashida, mkutano wa jamii. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa na majani na miti. Kuni zilirudi karibu na nyumba. Wazee waliosimamia ngitili walijifunza uongozi kwa kuutenda: kumtoza faini ndugu yako aliyeingiza ng'ombe mwezi usioruhusiwa, mbele ya watu.

Ndivyo ilivyokuwa hata kule Wajir, kaskazini mwa Kenya. Koo zilipopigana mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake akiwamo Dekha Ibrahim Abdi walianzia sokoni. Waliweka waangalizi ili mwanamke wa ukoo wowote auze na kununua bila kubughudhiwa. Wazee walikuja baadaye, serikali baadaye zaidi. Dekha alipata tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, lakini kilichomjenga ni lile soko.

Simiyu ina nyufa za siasa pia. Maswa ilichagua wabunge wa upinzani katika majimbo yote mawili mwaka 2010, na Bariadi ilikuwa ngome ya UDP, chama cha John Cheyo. Balozi wa nyumba kumi ni mtu wa chama tawala. Jirani wa chama kingine atampelekea vipi ugomvi wa mpaka wa minyaa?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilitoa nafasi nyingine: baraza la ardhi la kijiji, wajumbe saba, wanawake wasiopungua watatu, kazi yao kusuluhisha. Majina hupendekezwa na halmashauri ya kijiji na kupitishwa na mkutano mkuu. Basi majina yakisomwa, msipige makofi haraka. Ulizeni kila mmoja alisimama wapi mara ya mwisho jirani alipotengwa. Na kama yupo mjane ambaye watu wa pande zote humwendea usiku na magomvi yao, simameni mumtaje, hata kama hajawahi kukanyaga semina.