Maji Hayapandi Mlima

Nje kidogo ya mji wa Machakos, ukifuata barabara ya Mutituni, kuna mahali panaitwa Kyamwilu. Wageni hufika wakamwaga maji ya chupa barabarani, kisha wakayatazama yakipanda mlima. Gari nalo likiachwa bila gia linaonekana likipanda. Watu hupiga kelele, hupiga picha. Wenye elimu ya mambo haya husema ni jicho tu linalodanganywa: jinsi vilima vilivyokaa, mteremko unaonekana kama mpando. Maji yanafanya kazi yao ya siku zote, yanashuka.

Sasa, ukitaka kuona yanashukia wapi, acha gari na uzunguke vilima vya Iveti kwa miguu, upande upande huu na kurudi kwa ule. Huko juu, siku isiyo na ukungu, utauona mji chini yako, vilima vya Mua ng'ambo, na Kilimambogo mbali kidogo. Utaona pia mashamba yaliyokatwa ngazi ngazi kutoka kileleni hadi bondeni. Tumezoea kuita haya mandhari. Lakini ngazi zile si mandhari, ni jasho la watu. Na mtu akiziangalia vizuri, zinamuuliza swali: aliye juu ana deni gani kwa aliye chini?

Hebu tuanze na jembe. Mtaro wa fanya juu huchimbwa kwa kufuata usawa wa mlima, udongo ukarushwa upande wa juu ukawa tuta. Mvua ikinyesha, tuta linazuia maji na udongo, na miaka ikipita shamba lenyewe linageuka ngazi. Jina hilo la Kiswahili, fanya juu, limeingia hadi kwenye vitabu vya kilimo vya Kiingereza.

Kazi hii haikuanza kwa hiari. Mwaka 1937 mtaalamu wa serikali ya kikoloni, Colin Maher, aliandika ripoti iliyoonyesha ardhi ya Ukambani kama ardhi inayokufa. Amri zikafuata: mitaro ichimbwe, mifugo ipunguzwe. Mwaka 1938 ng'ombe walipochukuliwa kwa nguvu na kuuzwa, Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya Wakamba hadi Nairobi kudai kumwona gavana. Serikali ililegeza msimamo kuhusu mifugo, lakini yeye akapelekwa uhamishoni Lamu. Ndiyo maana uhuru ulipokuja, mitaro mingi iliachwa ibomoke. Ilinuka ukoloni.

Halafu watu wale wale wakaichimba upya, bila askari kusimama nyuma yao. Walichimba kwa mwethya, vikundi vya kusaidiana kazi, na wengi wao walikuwa akina mama. Mwaka 1994 watafiti Tiffen, Mortimore na Gichuki walichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu wa wilaya ya Machakos waliongezeka zaidi ya mara tano, na bado mmomonyoko ukapungua. Udongo ni ule ule, jembe ni lile lile. Kilichobadilika ni nani ameamua.

Lakini kuna jambo ambalo ni rahisi kulipita. Mtaro humfaidi mwenye shamba, ni kweli, ila haumfaidi yeye peke yake. Maji yaliyozuiwa juu huzama ardhini, na mengine hutokea chini kama chemchemi kwa mtu ambaye huenda mchimbaji hatamjua kamwe. Wazee wa Kikamba walikuwa na mathembo, mahali pa ibada penye miti isiyokatwa. Si lazima uamini walichoamini ili uone kwamba mti ulioachwa juu una maana kwa kisima cha chini.

Sasa tazama uchimbaji wa aina nyingine. Ukishuka kwenye mito ya msimu utakuta mashimo ya mchanga, na kaunti hii ina matimbo ya mawe pia. Mchanga wa mto si uchafu wa kuondolewa. Ni tangi. Mvua ikipita, maji hubaki katikati ya chembe zake, jua lisiyafikie, na watu hufukua visima vifupi kiangazi kizima. Ukiuchota hadi mwamba, mvua ijayo itapita mbio na mto utabaki mkavu. Timbo lililoachwa bila uzio nalo hujaa maji ya mvua, likawa hatari kwa watoto wa jirani.

Utaniambia: huyo kijana anayepakia lori kwa sepetu anatafuta karo ya mdogo wake. Kweli kabisa. Na mama wa fanya juu naye alikuwa anatafuta karo. Kwa hiyo tofauti ya mashimo haya mawili haiko kwenye wema wa mchimbaji. Iko kwenye hesabu: shimo moja limemhesabu aliye chini, jingine limemsahau.

Tena kijana yule hayuko juu hivyo tunavyodhani. Lori linaelekea Nairobi, kwenye maghorofa. Na Nairobi iko juu kweli, si kwa mfano tu: maji yake machafu huingia mto Athi na kuteremka hadi kwa watu wa Machakos. Jiji linachukua mchanga uliohifadhi maji safi, linarudisha maji yasiyonyweka. Kumkamata mpakizi na kumwacha mnunuzi ni kama kumwaga maji Kyamwilu: macho yanaona lawama ikipanda, kumbe inashuka tu kwa mnyonge.

Makueni, iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Machakos hadi 1992, ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Sheria ni mwanzo, ila amri peke yake tuliiona ikibomoka baada ya uhuru. Kinachobaki ni bei. Bei ya lori moja ina mafuta, ina dereva, ina mpakizi na ushuru. Haina zile saa anazoongeza mama wa chini ya mto akitafuta mtungi mmoja wa maji. Anayejenga ndiye wa kuzilipia.