Mgeni wa Melk



Meli za watalii zinazoteremka mto Danube huko Austria hufunga gati asubuhi katika mji mdogo wa Melk. Abiria wanashuka wakiwa na visikizi masikioni, wanamfuata mwongozaji aliyeinua kibao chenye namba, wanapanda hadi kwenye abasia. Mchana wanatakiwa wawe wamerudi melini, kwa kuwa alasiri kuna mji wa Dürnstein na mashamba yake ya mizabibu. Wengi wao ni wastaafu waliojiwekea akiba kwa miaka mingi ili waone mto huo. Furaha yao ni halali, na Muumba aliyeupamba ukingo ule hachukizwi na anayeutazama kwa shukrani.

Abasia yenyewe imekaa juu ya mwamba. Wabenediktini wamesali pale tangu mwaka 1089, chini ya kanuni ileile ya Mtakatifu Benedikto inayofuatwa na wamonaki wetu wa Peramiho na Ndanda hapa Tanzania. Majengo ya sasa yalianza kujengwa mwaka 1702 kwa ramani ya Jakob Prandtauer, na ndani ya kanisa dhahabu inakumeta kila unapogeuza macho. Kikundi kimoja kinatoka, kingine kinaingia. Katika haraka hiyo ni rahisi sana kuipita altare ya pembeni, mahali lilipo kaburi la Mtakatifu Koloman. Mimi ningependa tusimame hapo.

Koloman alikuwa hujaji, mtu wa Ireland kwa mujibu wa mapokeo, aliyekuwa njiani kwenda Yerusalemu. Mwaka 1012 alifika Stockerau, karibu na Vienna. Siku hizo eneo lile la mpakani halikuwa na amani, na watu walimwogopa kila wasiyemfahamu. Mavazi yake yalikuwa ya kigeni, na lugha yao hakuijua. Wakasema huyu ni mpelelezi. Alipoulizwa hakuweza kujieleza wakamwelewa, basi wakamtesa, kisha wakamtundika mtini. Baadaye watu wa nchi hiyohiyo wakaanza kumheshimu kama mtakatifu. Mwaka 1014 mwili wake ulihamishiwa Melk, na kwa karne nyingi akawa msimamizi wa Austria. Nchi iliyomuua ikaomba maombezi yake.

Mngedhani mji wenye kaburi kama hilo usingerudia kosa. Lakini mwezi Aprili 1944 Wanazi walifungua katika kambi ya jeshi ya Melk tawi la kambi ya mateso ya Mauthausen. Watu zaidi ya 14,000 walipitishwa hapo kwa muda wa mwaka mmoja, wakiwemo Wayahudi wengi, kutoka nchi mbalimbali za Ulaya. Walichimbishwa mahandaki kilimani ili kiwanda cha zana za vita kifichwe chini ya ardhi. Karibu 5,000 walikufa. Jengo lenye tanuri la kuchomea maiti bado lipo, limehifadhiwa kuwa ukumbusho, lakini si sehemu ya ziara ya kawaida ya abasia. Ukitaka kulifikia, inabidi uliulizie mwenyewe. Ninyi ndugu mnaoishi Ulaya, mkifika Melk, tafadhali liulizieni.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kumkaribisha mgeni wa meli hakumsumbui mtu, maana amekuja na fedha na jioni anaondoka. Katika Mathayo 25 Bwana anajitambulisha na mgeni wa namna nyingine: asiye na nguo, asiye na chakula, aliye gerezani.

Mgeni huyo tunaye hapa Tanzania. Vijana wa Ethiopia wanapita kwetu kila mwaka wakitafuta njia ya kufika Afrika Kusini. Mwaka 2012 zaidi ya 40 kati yao walikufa kwa kukosa hewa ndani ya lori, mkoani Dodoma. Wengine hukamatwa, hufikishwa mahakamani na kufungwa kwa kuingia nchini bila kibali. Wengi wao Kiswahili hawakijui. Sheria ya uhamiaji ina kazi yake na siipingi, ila sheria haikutukataza kumpelekea mfungwa sabuni, blanketi na salamu katika lugha anayoielewa. Inaniuma kwamba jumuiya zetu hujaza mabasi kwenda hija, na gereza la wilaya, lililo jirani tu, linakaa miezi bila mgeni.

Kwa hiyo nawaomba wanakamati wa huduma ya magereza katika kila parokia: juma hili nendeni kwa mkuu wa gereza, mkaombe kibali cha kuwatembelea wageni hao, mkaulize wako wangapi na wanapungukiwa nini. Na yeyote kati yenu anayejua Kiamhari, lugha ya Ethiopia, ajitokeze baada ya misa ya Jumapili. Tunamhitaji.