Mgeni na Maji ya Kunywa



Wazee walitufundisha kusema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka 2015 methali hiyo ilijaribiwa vikali huko Kagunga, kijiji cha mkoa wetu wa Kigoma kilicho karibu kabisa na mpaka wa Burundi.

Machafuko yalipoanza Burundi mwezi Aprili mwaka ule, makumi ya maelfu ya Warundi walikimbilia kwenye ufuko ule mwembamba, ziwa mbele, milima mikali nyuma, wala hapakuwa na barabara ya gari. Meli ya Liemba iliwachukua kwa mamia hadi Kigoma mjini, na toka hapo wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Lakini waliokuwa wakisubiri zamu walikuwa wengi mno. Vyoo havikutosha hata kidogo. Watu walikunywa maji ya ziwa lile lile walimooga, na ambalo kando yake walijisaidia. Kipindupindu kikaingia. Ilipofika tarehe 22 Mei wagonjwa walikuwa kama 3,000, na watu 31 walikuwa wamekufa, wakimbizi 29 na wenyeji 2. Haya yalitokea kando ya Ziwa Tanganyika, lenye karibu sehemu moja ya sita ya maji baridi yote ya juu ya nchi yasiyo barafu!

Twauliza basi: maji safi kwa watu wale yalikuwa hisani yetu au deni letu? Hisani mtu huitoa akiwa na ziada. Deni hulipwa hata kwa kujinyima.

Wako wasemao, tuwape maji safi ili ugonjwa usitufikie sisi. Ni kweli, na wale wenyeji wawili ni ushahidi. Lakini hoja hiyo ni nyembamba. Tuseme wageni wangekuwa upande ambao uchafu wao haungetufikia kamwe; je, hapo tungewaacha wanywe kifo? Anayetoa kwa kujikinga tu ataacha kutoa siku hatari itakapokwisha.

Wengine hutaja ile methali ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu. Ni methali nzuri, nasi twaipenda, ila ilitungwa kwa mgeni mmoja, si kwa umati uliojaa ufukoni bila hata mahali pa kuchimba choo. Isaka alipofukuzwa alichimba visima vyake mwenyewe, na wachungaji wa Gerari wakamgombania wakidai maji ni yao. Pale Kagunga hata hilo la kuchimba halikuwezekana. Na hao wenye ufuko, nani kati yao alilijaza ziwa?

Hata hivyo tusiwabebeshe wanakijiji peke yao. Ziwa ni la Mungu, lakini dawa ya klorini, matangi, mabomba na mtu wa kuyatunza vyataka fedha. Taifa letu limekwisha kuliona hilo. Mpango wa miaka 20 ulioanza mwaka 1971 ulikusudia kila mwanakijiji apate maji mita 400 tu toka nyumbani ifikapo 1991. Maji yalitolewa bure, na mabomba mengi yakakauka kwa kukosa matengenezo. Leo vyombo vya watumia maji hukusanya malipo, nasi twaona ni sawa, maana bomba lisilo na mtunzaji ni chuma tu. Lakini mama aliyefika usiku na mtoto mgongoni, hana hata senti, hawezi kuambiwa asubiri mpaka apate fedha. Mgonjwa wa kipindupindu aweza kufa kwa saa chache. Gharama yake yatupasa tuigawane sisi tulio mbali na ufuko ule, tunaofungua bomba na kulifunga bila kuwaza.

Tungefurahi wasomaji watuandikie: mtaani kwako, asiye na fedha ya ndoo anapofika bombani, hufanywaje?